MySQL imegoma kuwaka? Usifute faili yoyote kwanza

Kila aliyesomea kompyuta katika vyuo vyetu anayajua yale maandishi mekundu. Ni saa nne usiku, mradi unawasilishwa kesho, unafungua XAMPP na kubofya kitufe cha kuwasha MySQL. Inaonyesha kijani kwa sekunde mbili, kisha inazima. Chini yanatokea maelezo kwamba MySQL imejizima ghafla, na kwamba huenda mlango umezibwa, au kuna kitu kinakosekana, au ruhusa haziko sawa, au imeanguka tu. Ni sawa na kwenda kliniki ukaambiwa una malaria, ama homa, ama umevunjika mguu, ama jambo lingine.

Hapo presha inapanda. Unakimbilia YouTube, jamaa anakwambia ingia kwenye folda ya data, futa faili ya ibdata1, washa tena. Unafuta. MySQL inawaka! Furaha inadumu dakika moja hivi, mpaka ubofye jedwali la wateja na kupata kosa nambari 1932: jedwali hilo halipo kwenye injini. Jina lake bado unaliona pale kando. Data ndiyo huipati.

Faili hiyo si takataka. InnoDB, injini inayotunza data, huweka ndani ya ibdata1 orodha yake ya majedwali yote, angalau katika toleo linalokuja na XAMPP. Ukiifuta umechoma daftari la stoo. Mizigo ingali rafuni lakini mwenye stoo hajui tena ni ipi na ya nani. Mradi wa semista nzima huenda hivyo, na si kwa sababu ya kirusi wala mdukuzi, ni kwa sababu ya haraka.

Kwa hivyo tulia. Kitu cha kwanza, kabla hujagusa chochote, nakili folda nzima ya C:\xampp\mysql\data uiweke kwingine. Hata ukiharibu mambo baadaye, utakuwa na pa kurudi. Cha pili, ndani ya folda hiyo kuna faili inayoitwa mysql_error.log. Ifungue, teremka hadi chini kabisa, soma mistari ya mwisho. Pale MySQL inasema kwa jina kinachoiuma, tofauti na yale maelezo ya jumla ya XAMPP.

Mara nyingi utakuta moja kati ya mambo mawili. Kuna programu nyingine imekalia mlango nambari 3306, ambao MySQL husikilizia. Huwa ni MySQL nyingine uliyoweka mwaka jana ukasahau. Andika netstat -ano | findstr 3306 kwenye Windows, utaonyeshwa nambari ya programu iliyokalia, uizime. Ama stima ilipotea ghafla na kompyuta ikazimika MySQL ikiwa katikati ya kuandika. Hapo faili fulani imeharibika, na logi itaitaja. Kawaida InnoDB hujirekebisha yenyewe ikiwashwa tena. Isipoweza, angalau sasa unajua ni faili gani, na una nakala ya folda yote.

Jambo moja kabla hatujaendelea, kwa sababu huwachanganya wengi wanaotafuta suluhu mtandaoni. Kitufe cha XAMPP kimeandikwa MySQL, lakini tangu 2015 kilichomo ndani ni MariaDB. Hawa ni ndugu kwelikweli. Michael Widenius kutoka Finland, anayejulikana kama Monty, ni mmoja wa walioanzisha MySQL mwaka wa 1995, na jina lilitokana na la bintiye, My. Mwaka wa 2008 kampuni ya Sun iliinunua kwa takriban dola bilioni moja, kisha Oracle ikaichukua Sun mwaka wa 2010. Monty alikuwa ameshaondoka na kuanzisha tawi lake mwaka wa 2009, akaliita kwa jina la binti mdogo, Maria. Tangu hapo ndugu hao wamekuwa wakiachana kidogo kidogo. Suluhu ya mmoja inaweza kukataa kwa mwingine, kwa hivyo andika SELECT VERSION(). Ujue uko na yupi. PostgreSQL nayo ni ukoo mwingine kabisa, ilianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1980.

Zote tatu ni programu huria. Hulipi hata shilingi, na pia hakuna nambari ya customer care ya kupiga. Unachopewa badala yake ni ujumbe wa kosa. Wengi wetu tunauona kama tusi, tunaufunga haraka. Hilo ndilo kosa kubwa la wanaoanza, maana hifadhidata inayopiga kelele inakusaidia. Ya kuogopa ni ile inayokubali kila kitu kimyakimya.

Chukua kosa 1045, la kukataliwa kuingia. Ujumbe wake una sehemu tatu: jina la mtumiaji, mahali anapotoka, na mwishoni kama paswadi imetumika, YES au NO. Ukiona NO na una hakika uliweka paswadi, basi acha kubadilisha paswadi. Programu yako haijaituma kabisa. Huenda faili yako ya .env haisomwi, ama jina umelikosea humo. Ukiona YES, paswadi imefika lakini si sahihi, ama mtumiaji huyo haruhusiwi kutoka mahali hapo. Kwenye Ubuntu kuna mtego mwingine: MySQL hukuruhusu kuingia kama root bila paswadi, mradi wewe mwenyewe ni root wa kompyuta. Andika sudo mysql, ingia, kisha tengeneza mtumiaji maalum wa programu yako.

Tafadhali usitatue tatizo hilo kwa kumpa kila mtu ruhusa zote kutoka popote. Ushauri huo umejaa mtandaoni, nao hufanya kazi kweli, kama vile kuvunja kufuli hufungua mlango. Mwaka wa 2022 shirika la Shadowserver, linalofuatilia usalama wa mtandao, lilihesabu seva za MySQL takriban milioni 3.6 zilizokuwa zikimjibu yeyote anayebisha hodi kwenye intaneti. Na ikiwa umehifadhi majina, vitambulisho na nambari za simu za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Data hiyo ikivuja na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anafaa kujulishwa ndani ya saa 72.

Sasa tuje kwa kosa ambalo Mkenya yeyote anafaa kulijaribu leo kwenye mfumo wake. Jisajili kwa jina la Ng'ang'a. Ama andika kwamba unaishi Murang'a. Kama fomu inakubali Otieno na Mutua lakini kwa Ng'ang'a inaleta kosa 1064, la sarufi, usidhani ni jina lina shida. Maana yake ni kwamba msimbo wako unachukua maneno ya mtumiaji na kuyabandika moja kwa moja ndani ya amri ya SQL. Ile ritifaa ya Ng'ang'a inafunga nukuu kabla ya wakati wake, na MySQL inaona maneno yaliyobaki kama sehemu ya amri.

Umeona hatari iko wapi? Ikiwa ritifaa ya mzee wa watu inaweza kuvunja amri yako bila yeye kukusudia, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika amri yake mwenyewe papo hapo na kusoma jedwali lote la wateja. Kuna wanaotatua hili kwa kumkataza mteja kuandika ritifaa. Huo ni utovu wa adabu, na tundu linabaki wazi. Dawa ni kutuma amri na data kwa njia mbili tofauti. Kwenye PHP ni prepare() na execute(), na lugha nyingine zote zina namna yao. Unaweka alama ya kuuliza mahali pa jina, kisha jina linafuata peke yake. Baada ya hapo Ng'ang'a anaingia bila shida, na mdukuzi anahifadhiwa kama mteja mwenye jina la ajabu.

Hayo ni makosa yenye kelele. Yale ya kimya ndiyo hula biashara za watu.

Nambari za simu, kwa mfano. Jina lenyewe ni nambari, kwa hivyo mwanafunzi anaweka safu ya aina ya INT. Akihifadhi 0700 000 000, sufuri ya mbele inapotea, na sasa ana nambari ya tarakimu tisa. Anasema sawa, nitatumia 254 mbele. Lakini INT haiwezi kubeba zaidi ya 2,147,483,647, na nambari ya Kenya yenye 254 ina tarakimu 12. Kama hifadhidata imewekwa katika hali kali, itakataa kwa kosa 1264. Bahati yako. Kama hali hiyo imezimwa, itaikata nambari hiyo na kuhifadhi kile kikomo chake, 2147483647. Kwa mteja wa kwanza, wa pili, wa mia tatu. Hutajua mpaka siku ya kutuma SMS ya malipo, ukute wateja wote wana nambari moja ya simu, ambayo hata si ya Kenya. Na hakuna jinsi ya kurudisha zile za awali. Kitu ambacho hutakijumlisha wala kukigawanya kihifadhi kama maandishi: VARCHAR, basi.

Pesa nayo ina yake. Ukiweka shilingi 1,234,567.85 kwenye safu ya FLOAT, kinachohifadhiwa ndani ni 1,234,567.875, kwa sababu aina hiyo hukadiria. Hakuna onyo. Kwa mtu mmoja ni senti mbili na nusu, lakini kwa hesabu za chama cha watu 200 kwa miaka mitatu, mweka hazina ataitwa mwizi na hajaiba. Tumia DECIMAL kwa pesa, kila mara.

Wanaounganisha mifumo yao na M-Pesa wanajua tatizo lingine: ujumbe wa malipo umefika mara mbili, labda kwa sababu mtandao ulikatika na mfumo ukajaribu tena, na mteja aliyelipa mara moja anaonekana amelipa mara mbili. Kuna wanaoandika mistari mingi ya msimbo kuangalia kwanza kama muamala upo kabla ya kuuingiza. Jumbe mbili zikifika kwa pamoja, zote zitaangalia, zote zitakuta haupo, zote zitaingia. Iachie hifadhidata kazi hiyo. Weka UNIQUE kwenye safu ya nambari ya muamala. Ujumbe wa pili ukija utapata kosa 1062, la kurudia, na hapo umejitengenezea kelele mahali ambapo palikuwa na kimya. Msimbo wako ulipokee kosa hilo, utulie, useme asante.

Kuhusu mfumo kuwa polepole nitakuwa mfupi, maana tiba huwa moja. Mfumo uliokuwa ukiruka ukiwa na wateja 50 unaanza kutambaa ukiwa na 400,000. Kabla ya kununua seva kubwa, weka neno EXPLAIN mbele ya ile amri ya SELECT inayochelewa. Kwenye safu ya type ukiona ALL, ina maana MySQL inasoma jedwali lote tangu mwanzo ili kumpata mtu mmoja. Weka indeksi kwenye safu unayoitumia kutafuta. Kumbuka tu kwamba ukiandika WHERE YEAR(tarehe) = 2024, indeksi ya tarehe haitatumika, kwa sababu umeifunika. Andika tarehe za mwanzo na mwisho badala yake.

Kosa 1040, la wateja kuzidi, pia halihitaji seva kubwa. MySQL inaruhusu miunganisho 151 kwa pamoja, PostgreSQL 100, usipobadilisha. Mfumo wa duka dogo ukifikisha hapo, karibu kila mara ni msimbo unaofungua muunganisho na hauufungi. Ukiongeza hadi 1,000 umeahirisha tu kuanguka kwako hadi wiki ijayo.

Na kwa wale wa seva za bei nafuu, zenye diski ya GB 25: siku diski ikijaa, MySQL huenda isizime. Hukaa ikingoja nafasi ipatikane, na tovuti yako inakwama bila kusema neno. Andika df -h kwanza. Tangu MySQL 8.0, kumbukumbu za kila badiliko, ziitwazo binlog, huandikwa bila wewe kuomba na kuwekwa siku 30. Usizifute kwa rm. Tumia amri ya PURGE BINARY LOGS, ili MySQL yenyewe ijue zimeondoka.

Lakini kimya kibaya kuliko vyote hutokea baada ya kubonyeza Enter. UPDATE wateja SET salio = 0, ukasahau WHERE. MySQL haiulizi kama una hakika. Inajibu tu OK, safu 8,400 zimebadilika, na moyo unadondoka. Ukifanya kazi kwenye data ya kweli, anza na START TRANSACTION, angalia idadi iliyobadilika, kisha COMMIT ama ROLLBACK. Kuna pia njia ya kuingia kwa mysql --safe-updates, ambayo hukataa UPDATE na DELETE zisizo na WHERE ya maana. Jina lake la pili, si utani, ni --i-am-a-dummy, yaani mimi ni mbumbumbu. Itumie bila aibu. Ila jua kwamba DROP TABLE na TRUNCATE kwenye MySQL hazirudi kwa ROLLBACK. Kwenye PostgreSQL zinarudi, na hiyo ni mojawapo ya sababu wengine huipenda zaidi.

Zisiporudi, unategemea bakapu. Na hapa kuna kisa ambacho kila anayetunza data anafaa kukijua.

Usiku wa Januari 31, 2017, mhandisi mmoja wa GitLab, tovuti ambako waundaji wa programu duniani kote huweka kazi zao, alikuwa akihangaika na seva mbili za PostgreSQL. Ya pili ilikuwa imeachwa nyuma na ya kwanza. Akaamua kufuta folda ya data kwenye ile ya pili ili aanze upya. Alikuwa ameingia kwenye ya kwanza. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili na kusimamisha amri, lakini kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki kama GB 4.5.

Haya, tuletee bakapu. Programu ya kuchukua nakala kila siku ilikuwa ikitumia toleo la 9.2 dhidi ya hifadhidata ya 9.6, kwa hivyo ilikuwa ikikataa kufanya kazi kila ilipojaribu. Mahali pa kuhifadhia nakala palikuwa patupu. Na zile barua pepe za kuonya kwamba bakapu imefeli? Zilikuwa zikitumwa, ila zilikataliwa na seva ya barua kwa kukosa sahihi inayotakiwa. Kelele ilikuwepo lakini haikumfikia mtu.

Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi huyohuyo alikuwa ameichukua kwa mkono karibu saa sita mapema, kwa shughuli nyingine kabisa ya majaribio. Kila kilichoingia katika saa hizo kilipotea: angalau miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700. GitLab ilionyesha shughuli ya uokoaji moja kwa moja YouTube na baadaye ikaeleza kila kosa hadharani, ndiyo maana tunayajua haya.

Hiyo ni kampuni yenye wahandisi wengi. Wewe una seva moja na amri ya cron inayofanya mysqldump saa nane usiku. Umewahi kuangalia inachoandika? Paswadi ikibadilishwa, mysqldump itakataliwa kuingia, lakini Linux itakuwa tayari imeshafungua faili yenye jina na tarehe ya leo. Ukitazama folda utaona faili moja kwa kila siku, zimejipanga vizuri kabisa, kila moja ikiwa na baiti 0. Kama unazibana kwa gzip zitakuwa na baiti 20, zinazofanana na kitu.

Kwa hivyo angalia ukubwa, usiangalie majina. Tumia --single-transaction ili nakala isichanganye data ya dakika tofauti wakati wateja wanaendelea kununua. Ipeleke nje ya seva hiyohiyo, kwa sababu seva ikienda itaenda nayo. Kisha, Jumamosi moja ukiwa na nafasi, tengeneza hifadhidata tupu kwenye laptopu yako, irudishe nakala ya jana humo, na uhesabu safu za jedwali la malipo. Tafuta muamala wa jana jioni, ule wa mwisho kabla ya kulala. Ukiukosa, anza kurudi nyuma faili moja baada ya nyingine mpaka ujue bakapu yako iliacha kufanya kazi siku gani.